Kioo cha Upande wa Kushoto

Kabla sijaanza, niweke mpaka. Katika kisa hiki yapo mambo niliyoyaona kwa macho yangu, mchana, jua likiwa utosini, nikiwa na akili timamu na sijaonja kileo. Hayo nitayasema kama niliyoyaona. Yapo mengine niliyoambiwa, na kila nitakapoyafikia nitamtaja aliyeniambia, ili wewe msomaji uyapime kwa mizani yako. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na muda wote huo sikumruhusu mwanafunzi aandike "inasemekana" katika jaribio lake. Anayesema ni nani? Alisimama wapi? Alipima kwa chombo gani? Maswali hayohayo niulize na mimi. Nitayajibu, isipokuwa moja.

Mambo haya yalitokea miaka ile simu za mkononi zilipoanza kufika vijijini kwetu, barabara ya kutoka Tunduma kwenda Ndalambo ikiwa bado ya vumbi. Niliishi Ihanda, kama niishivyo hadi leo, kahawa mbele ya nyumba na mahindi nyuma, na uani nilikuwa na gari la Kifaransa la rangi ya maziwa, lililotengenezwa wakati mimi mwenyewe ni mwanafunzi. Vijana walilicheka. Mimi nililitunza, kwa sababu kiti chake cha mbele kililala nyuma kabisa, na hakikuwepo kiti kingine cha gari ambacho mke wangu aliweza kupumulia.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa na pumu. Sisemi pumu ya kukohoa kidogo na kunywa maji. Vumbi likimwingia kifuani, alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili na kuvuta pumzi kwa sauti ya msumeno butu unaokata ubao mbichi. Daktari alimkataza njia za vumbi. Lakini mama yake mzazi aliishi Ndalambo, na njia ya Ndalambo ilikuwa vumbi tupu. Kufunga vioo? Tulijaribu. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, gari la zamani lililofungwa vioo ni tanuri. Safari ya mwisho tuliyojaribu hivyo, nilimshusha karibu azirai.

Hapa inanipasa nieleze desturi, maana bila hiyo kisa hiki hakishikiki. Kwa watu wa kwao mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Ni heshima, wala haina chuki ndani yake. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Wengi wa rika letu, hasa sisi wa kanisani, walikwisha kuufungua mwiko huo: kuku akachinjwa, maneno yakasemwa, watu wakala chungu kimoja. Mama mkwe wangu, Namfukwe, hakutaka. Alimwambia binti yake kwamba heshima ikifunguliwa hairudi kufungwa. Nami sikuona sababu ya kushindana naye.

Kwa hiyo nikifika kwake nilisimamisha gari, nikageuka kulitazama shamba la ulezi, naye akatokea nyuma ya jiko na kusimama mgongoni mwangu.

"Mwalimu, umefika?"

"Nimefika, mama."

"Barabara je?"

"Mashimo yamezaa mashimo mengine."

"Na kichogo chako kinazidi kung'aa. Mwanangu hakupaki mafuta, au anakupaka mengi mno?"

Halafu alicheka, kicheko kikavu chenye kukwaruza, na ulezi mbele yangu ukayumba kana kwamba nao umechekeshwa. Hata alipotukuta njiani ilikuwa hivyohivyo: niliteremsha mwendo, Mama Neema akateremsha kioo, mama mkwe akachuchumaa upande wake, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa kama ilivyo adabu yao, nao wakazungumza wakati mimi nikitazama upande wangu wa kulia. Elewa vizuri basi. Yeye alinijua kwa kichogo, mimi nilimjua kwa sauti. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuuona uso wa Namfukwe, wala picha yake, kwa kuwa hakukubali kupigwa picha. Mimi niliyewafukuza wanafunzi darasani kwa kuleta habari za kusikia, nilimpenda mtu mmoja duniani kwa kusikia peke yake.

Mwaka mmoja, Lazaro, kaka yake mke wangu, alipiga simu akiwa amesimama juu ya kichuguu, maana pale tu ndipo mtandao ulipopatikana. Nilikuwa karibu na nilisikia.

"Dada, mama hainuki tena kitandani. Anakuita."

"Mpe simu nizungumze naye."

"Nimbebe mpaka juu ya kichuguu? Tena amekataa. Anasema amebakiza neno moja lako, na neno hilo si la kupigiwa kelele hewani. Anataka akwambie mkiwa mnaonana."

Mama Neema alitaka apande basi kesho yake. Nilikataa. Katika mabasi ya njia ile hapakuwa na kioo kilichofunga, na nilijua angefikishwa Ndalambo akiwa mzigo. Je, wewe ungemruhusu? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko nilivyowahi kumuuliza mwanafunzi lolote. Nilichoamua ni kulitia gari langu kiyoyozi: vioo vifungwe, vumbi libaki nje, na ndani kuwe na baridi.

Nilimpata fundi pale Chapwa, Tunduma, jina lake Mwila, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, ambako mtu wa kuheshimiwa huitwa "mukwai", mtu mnene mwenye maneno mengi kuliko spana zake. Alifungua boneti akaguna.

"Mwalimu, mukwai, hili gari lilizaliwa kabla baridi haijavumbuliwa. Uza, ununue la Kijapani. Yale yanazaliwa na baridi yao."

"Sikukuuliza habari za kununua. Nimekuuliza kama kompresa itakaa."

"Itakaa. Mimi nimefunga mpaka kwenye gari la kubebea maiti."

"Na abiria alishukuru?"

"Hajalalamika hadi leo, mukwai."

Kazi haikuwa nyepesi. Injini ile haikuachiwa nafasi ya kompresa, ikambidi achomelee kishikizo cha chuma ubavuni mwake, aongeze puli, atafute mkanda mrefu zaidi. Kondensa aliibana mbele ya rejeta. Ikaizibia hewa, injini ikaanza kuchemka, akaongeza feni ya umeme. Kisanduku cha kupulizia baridi alikining'iniza chini ya dashibodi, upande wa abiria. Alipojaza gesi ikavuja yote kabla hakujapambazuka, tukawa tunasubiri mipira mingine kutoka upande wa pili wa mpaka. Kila jioni niliporudi Ihanda nilimkuta Mama Neema barazani, ameketi wima kama alivyolala wakati ule, kwa kuwa akilala chali alikosa pumzi.

"Bado?"

"Bado."

Hakuniuliza zaidi. Afadhali angeniuliza.

Mwishowe Mwila alibadilisha mipira ya milango na ya vioo vyote. "Kioo kikiacha mwanya, mwalimu, unapoza wilaya nzima kwa gesi yako." Alipomaliza alijifungia ndani, akawasha, akanipungia mkono nimwite. Nilimwita. Nilimwita kwa sauti ya darasani, ile ya kumfikia mtundu aliye nyuma kabisa. Alitabasamu na kutikisa kichwa. Halafu akatoka akicheka, shati lake limekauka jasho. "Umeona? Hata kelele za dunia hazitamfikia mama." Neno hilo nililipenda sana siku ile.

Tuliondoka Ihanda asubuhi iliyofuata. Tunduma tulikwama katika foleni ya malori, na tulipoiacha lami na kuingia vumbini jua lilikuwa limekwisha kupanda. Vumbi liliinuka, likapiga vioo, likabaki huko. Ndani palikuwa na baridi ya Ihanda ya mwezi wa Julai. Mama Neema alilaza kiti, akaligeuza tundu la hewa lisimpige kifuani, likaelekea kioo cha upande wake wa kushoto, akafumba macho. Sijui kama unaelewa maana ya jambo hilo. Mtu aliyelala ameketi kwa majuma, sasa amelala chali, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua kama mtoto. Niliendesha kama niliyepakia mayai.

Ndipo nilipomwona bibi kizee.

Alikuwa akija upande wetu kwa pembe ya kushoto ya barabara, peke yake, amevaa kitenge cha kijani chenye ndege weupe, hana viatu. Tulipomkaribia alisimama, akachuchumaa, akakusanya viganja na kupiga makofi. Midomo yake ilicheza. Sikusikia kitu, ila feni ya Mwila ikivuma. Desturi ya njia ile ni kusimama na kuitikia, lakini kusimama ni kuteremsha kioo, na kuteremsha kioo ni kumwamsha mgonjwa kwa vumbi. Niliinua mkono, nikapita. Katika kioo cha kutazamia nyuma niliona vumbi letu limemfunika, na nilijiambia nitasimama tukirudi. Jambo moja lilinikaa akilini: miguu yake. Kila kitu katika barabara ile kilikuwa na rangi ya vumbi, majani, mbuzi, hata nzi nadhani. Miguu yake ilikuwa safi.

Tuliendelea mwendo ambao mtu mzima mwenye afya asingeumaliza kwa miguu kabla ya alasiri. Mbele yetu ng'ombe wa wafugaji walikuwa wakivuka barabara, kundi kubwa, nami nikasimama kabisa. Wakatuzunguka, pembe zikigonga bodi ya gari langu. Na kutoka mbele, katikati ya ng'ombe, akaja bibi kizee yuleyule. Niamini, nilijaribu kwanza kumfanya mwingine. Nilijiambia kwamba akina mama wa kwaya moja hununua kitenge cha jora moja. Lakini mwendo ulikuwa uleule, na miguu ileile. Nilichokiona kwa hakika ni hiki: ng'ombe hawakumgusa. Walipomfikia waligawanyika, wengine huku, wengine kule, kama maji yanavyolizunguka jiwe, wala hawakuinua vichwa.

Alikuja mpaka kwenye kioo cha kushoto. Aliinama. Kwanza alimtazama mke wangu aliyelala, akamtazama kwa muda, na hapo niliona sikio lake la kushoto: ndewe ilikuwa imechanika mpaka chini, jeraha la zamani la kipuli kilichovutwa. Halafu akaanza kusema. Alisema polepole, midomo yake ikiwa imekikaribia kioo kiasi cha upana wa vidole viwili, na maneno hayakuwa mengi. Nilinyoosha mkono kupita juu ya Mama Neema, nikaushika mpini wa kioo. Mama Neema akashusha pumzi ndefu usingizini, pumzi safi isiyo na mkwaruzo wowote, na nje vumbi la ng'ombe lilikuwa zito kama uji. Nikauachia mpini. Nikaweka kiganja kifuani pangu, kisha nikaonyesha kwa kidole: mgonjwa, amelala.

Alinielewa. Akaacha kusema, akayainua macho na kunitazama mimi, usoni, moja kwa moja, bila haya. Alinitazama kama mtu aliyesoma kurasa za nyuma za kitabu kwa miaka mingi na sasa kakiona jalada lake. Nadhani alitabasamu, lakini "nadhani" si ushahidi, liache. Aliyarudia maneno yake mara moja, safari hii akinitazama mimi. Akapiga makofi kimyakimya. Ng'ombe wakaisha, vumbi likapita kati yetu, na lilipotulia upande wa kushoto palikuwa na majani makavu na barabara tupu.

Sikumwamsha mke wangu.

Tulipofika tuliona watu wengi uani, tukajua kabla ya kuambiwa. Lazaro ndiye aliyenieleza kwamba mama alifariki alfajiri, kabla ng'ombe hawajatolewa zizini. Aliniambia pia kwamba siku zote zile alikuwa akisikiliza gari. Lori likipita alisema, "Siyo." Basi likipita, "Siyo." Aliijua sauti ya injini yangu. Hayo nimeyasikia kwa Lazaro, na Lazaro simjui kwa uongo.

Mimi ni mkwe. Sikumtazama marehemu. Wakati wengine wakipita mbele ya jeneza, niliketi pembeni nikitazama shamba la ulezi, ambalo Oktoba ile lilikuwa mabua matupu. Nilimzika kwa kichogo.

Tulipokaa na msiba ukapoa, nilimweleza Mama Neema niliyoyaona njiani. Huenda ningenyamaza, lakini sikuzoea kuficha matokeo ya jaribio kwa sababu hayakunipendeza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kitenge kilikuwa na nini?"

"Ndege weupe."

"Na sikio?"

Sikuwa nimelitaja sikio. Nilimweleza. Aliufunika mdomo wake kwa kanga.

"Ni mama. Kipuli kilivutwa na ndama, mimi nikiwa msichana."

"Mama Neema, siwezi kuapa kwamba ni yeye. Sikuwahi kumwona."

"Sikukuomba uape, Baba Neema. Nimekuuliza alisema nini."

Hakuwa ameniuliza hilo bado, lakini nilielewa kwamba swali hilo ndilo alilokuwa akilielekea tangu mwanzo. Nikamjibu kwamba sikusikia. Kioo kilikuwa kimefungwa.

Utasema wanawake wenye ndewe iliyochanika ni wengi, na nakubali. Ndiyo maana siku ya kurudi nilifanya jaribio. Niliegesha gari juani saa ileile ya mchana, nikafunga vioo, nikawasha kiyoyozi, nikaelekeza tundu la hewa kwenye kioo cha kushoto vilevile. Nikamwomba Lazaro asimame nje, aweke midomo upana wa vidole viwili kutoka kwenye kioo, na aseme lolote. Alisema, na kwa kila neno ukungu mdogo ulijitandaza juu ya kioo na kufutika, kama inavyopasa pumzi ya moto inapokutana na kitu baridi. Hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulieleza. Yule bibi alisema maneno yake yote mara mbili mbele ya macho yangu, na kioo kile kilibaki kikavu. Aliyesimama pale hakuwa na pumzi. Zaidi ya hapo fizikia yangu haisemi, nami sisemi badala yake.

Kiyoyozi nilikifungua mwenyewe, kipo ghalani chini ya magunia ya kahawa. Mwila aliniuliza kama kimeharibika. Nilimwambia kinafanya kazi vizuri sana. Mpaka mvua ziliponyesha na vumbi likafa, hatukwenda popote, na baada ya hapo nimeendesha vioo vikiwa chini, kiangazi na masika, ila Mama Neema nilimpakia masika tu, nikiwaitikia watu wote wa njiani mpaka watoto wananicheka. Najua namna ninavyoonekana.

Nami nakuonya, wewe uliye na gari lenye baridi yake: ukimkuta mzee amesimama njiani na midomo yake inacheza, usimwonyeshe kidole, usimwinulie mkono ukapita. Teremsha kioo. Vumbi utalifuta. Kile ambacho hukukisikia, utakifutia nini?

Limebaki jambo moja. Miaka ilipita, na Mama Neema hakuacha kuniuliza. Hakunilaumu, aliuliza tu, kama mtu anavyouliza kama mvua imenyesha huko utokako. Jioni moja barazani aliniambia, "Huna sauti, lakini midomo uliiona. Nionyeshe." Nilimwambia hilo ni jambo la kipuuzi. Akasema, "Mwalimu, nionyeshe." Basi nikamgeukia, mzee mzima, nikaifungua midomo yangu na kuifumba bila sauti, kama nilivyoiona ikifunguka na kufumba nyuma ya kioo. Akasema nirudie. Nikarudia, polepole zaidi. Kama aliona neno, au aliona alichotaka kukiona, siwezi kujua. Hakuniambia jioni ile, wala hakuniambia mpaka alipofariki, na kubuni sitabuni. Nitasema nilichokiona. Alinitazama midomo mpaka mwisho. Halafu akashuka kwenye kiti chake, akachuchumaa sakafuni mbele yangu, akakusanya viganja vyake, akapiga makofi taratibu kama mtu anayeitikia.